Makaburi ya wanasiasa katika Kaunti ya Siaya: orodha ianzie wapi, na iseme nini?

Msomaji wa Alego aliuliza:

Ndugu wasomaji,

Mimi na wenzangu wachache tumeanza kuandaa orodha ya mahali walipozikwa wanasiasa katika Kaunti ya Siaya, kuanzia wale waliokaa katika Baraza la Kutunga Sheria siku za ukoloni hadi wale waliofariki baada ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013. Tunakusudia kuitoa bila malipo kwa shule na maktaba za kaunti, ili mwanafunzi wa Ugenya au Rarieda anayesoma juu ya uhuru, juu ya chama cha upinzani cha KPU (Kenya People's Union) au juu ya mapambano ya vyama vingi aweze kujua kwamba baadhi ya watu hao wamelala mwendo wa saa moja kutoka darasani kwake.

Nimeona orodha za namna hii zilizotayarishwa katika nchi nyingine, ambako mwanasiasa huzikwa katika makaburi ya umma au ya kanisa yenye daftari, nambari ya safu na jina lililochongwa, kiasi kwamba mtafiti anaweza kukamilisha wilaya nzima bila kubisha hodi kwa mtu yeyote. Huku kwetu mwanasiasa huzikwa nyumbani kwake. Hakuna daftari la makaburi, na kaburi lenyewe limo ndani ya boma ambamo watu wanaishi, wanapika na kufuga.

Majina makubwa hayatusumbui. Jaramogi Oginga Odinga, Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya, aliyefariki Januari 1994, amezikwa Kang'o ka Jaramogi, Bondo. Mjukuu wake Fidel Odinga alizikwa papo hapo mwaka 2015, na Raila Odinga, aliyefariki India tarehe 15 Oktoba 2025, alizikwa hapo siku nne baadaye. Ramogi Achieng' Oneko, mmoja wa wale viongozi sita, akiwemo Jomo Kenyatta, walioshtakiwa na wakoloni Kapenguria, aliyefariki Juni 2007, yuko Rarieda. Clement Argwings-Kodhek, aliyefariki katika ajali ya barabarani Januari 1969 akiwa waziri na mbunge wa Gem, yuko Gem.

Ugumu unaanza tukishuka chini ya majina hayo. Kuna wabunge wa muhula mmoja, kuna madiwani wa mabaraza ya zamani, kuna wawakilishi wa wadi wa siku hizi, na kuna watu waliokuwa na nguvu kubwa katika siasa bila kuchaguliwa hata mara moja. Ningependa kusaidiwa katika mambo matatu: nani aingie kwenye orodha, ni ushahidi gani unatosha kusema kwamba mtu fulani amezikwa mahali fulani, na ni kiasi gani cha maelezo ya mahali kinachofaa kuchapishwa ilhali kaburi liko uani mwa watu.

Karani Mstaafu alijibu:

Mwalimu (nakuita hivyo kwa sababu unaandika kama mmoja wao), nimefanya kazi ya kumbukumbu kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu swali la pili kwa kirefu na kuwaachia wengine hayo mawili.

Jambo la kwanza ni kwamba msianze na orodha ya waliokuwa wabunge wa maeneo ya Siaya. Inavutia kwa sababu ni fupi na inapatikana, lakini itawapotosha pande zote mbili. Raila Odinga aliwakilisha Lang'ata jijini Nairobi kuanzia 1992 hadi 2013, na kwa muda wote huo hakuwa mbunge wa Siaya, lakini kaburi lake liko Bondo. Achieng' Oneko aliingia Bunge mwaka 1963 kama mbunge wa mji wa Nakuru, na ni baadaye sana, katika uchaguzi wa 1992, ndipo alipochaguliwa Rarieda. Hali ni hiyo hiyo katika kaunti jirani: Tom Mboya alizaliwa Kilima Mbogo, akachaguliwa Nairobi, akauawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na akazikwa Kisiwa cha Rusinga, ambacho leo ni sehemu ya Kaunti ya Homa Bay. Kiti cha Bunge na kaburi ni mambo mawili yanayofuata njia tofauti, na anayetaka makaburi hana budi kufuata ukoo na boma.

Jambo la pili linahusu vyeti. Watu wengi hudhani kwamba cheti cha kifo kitawaambia mtu alizikwa wapi. Hakisemi. Cheti hutaja mahali pa kufia, makazi ya marehemu, umri, kazi yake na sababu ya kifo, na kwa mwanasiasa mahali pa kufia mara nyingi ni hospitali ya Nairobi, Kisumu au ng'ambo. Kibali cha mazishi huruhusu mwili uzikwe, lakini nakala zake za zamani ni nadra kupatikana zikiwa zimepangwa. Mkitegemea ofisi ya usajili, mtarudi na tarehe nzuri sana bila kaburi hata moja.

Kwa maoni yangu, chombo bora kuliko vyote ni programu ya mazishi, kile kijitabu chenye picha ya marehemu kwenye jalada ambacho hugawiwa waombolezaji. Ndani yake mnapata wasifu, majina ya wazazi na wake, ukoo, kijiji, kata ndogo, ratiba ya safari ya mwili kutoka hifadhi ya maiti hadi nyumbani, na saa ya kuzika. Familia nyingi zina nakala kwenye sanduku la vyeti au nyuma ya picha iliyoning'inizwa sebuleni. Kwa marehemu wa miaka ya 1960 na 1970, ambao programu zao hazikuwa na kurasa nyingi au hazikuwepo kabisa, tumieni magazeti ya siku hizo katika Jumba la Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi, pamoja na Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, kwa kuwa Spika hutangaza kifo cha mbunge aliye kazini na wenzake husimama kumzungumzia. Uchaguzi mdogo nao ni alama nzuri. Kwa mfano, kifo cha Argwings-Kodhek kilisababisha uchaguzi mdogo wa Gem mwaka 1969, na magazeti yaliyofuatilia kampeni hizo yanarudi tena na tena kwa marehemu.

Tahadhari moja kubwa: tangazo la mazishi ni taarifa ya mpango, na mpango unaweza kuvunjika. Hakuna anayehitaji kukumbushwa Siaya juu ya kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Desemba 1986, mjane wake Wambui akataka azikwe Upper Matasia, karibu na Ngong, ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, na mwili ukakaa katika hifadhi ya maiti miezi mitano huku kesi ikipanda hadi Mahakama ya Rufani, hadi alipozikwa Nyalgunga Mei 1987. Otieno mwenyewe hakuwa mwanasiasa, lakini mtu ambaye angeandika mahali pa kaburi lake kwa kutegemea tangazo la kwanza la familia angekuwa amemweka katika kaunti nyingine kabisa. Ndiyo maana ninashauri kila jina liwe na ushahidi wa baada ya mazishi: ripoti ya gazeti ya siku iliyofuata, picha ya kaburi, au mtu aliyekuwepo.

La mwisho ni majina ya mahali, ambayo ni mtego mbaya kuliko yote. Kang'o ka Jaramogi iko katika kijiji cha Nyamira, Bondo. Nimewahi kuona kazi ya mwanafunzi mwerevu kabisa iliyomhamisha Jaramogi hadi Kaunti ya Nyamira, katika nchi ya Abagusii, kwa sababu alisoma "alizikwa Nyamira" na akaishia hapo. Vilevile karatasi za kabla ya uhuru na za miaka michache baada yake zinasema Central Nyanza, eneo lililojumuisha Siaya na Kisumu za leo, na kwa muda mrefu Bondo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Siaya kabla ya kuwa wilaya yenyewe katika miaka ya 1990. Andikeni jina kama lilivyo kwenye chanzo, kisha kando yake mwandike kata ndogo, wadi na eneo bunge la sasa. Ni kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo orodha itakuwa na makosa ambayo hakuna atakayeyagundua.

Nyar Uyoma alijibu:

Namshukuru Karani kwa maelezo yake, na ninaomba kuongeza mambo mawili juu ya boma, kisha niseme neno juu ya swali la tatu, ambalo ndilo linalonigusa.

Msidhani kwamba nyumba inayojulikana ya mwanasiasa ndiyo yenye kaburi lake. Raila Odinga alikuwa na boma lake Opoda, Bondo, ambako wageni walimtembelea kwa miaka mingi, na bado alizikwa Kang'o ka Jaramogi, karibu na baba yake. Gazeti likiandika tu kwamba mtu "alizikwa nyumbani kwake Bondo", hilo halitoshi, kwa sababu mtu mzima katika jamii yetu anaweza kuwa na nyumba ya mjini, boma alilojenga mwenyewe, boma la baba yake, na pengine shamba alilonunua mbali. Robert Ouko, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, alizaliwa Nyahera karibu na Kisumu, lakini amezikwa Koru, kwenye shamba lake. Kijana aliyefariki kabla ya kujenga boma lake huzikwa katika boma la baba yake, hata kama alikuwa diwani mwenye gari na walinzi.

Kuhusu wanawake, kwa kawaida mwanamke aliyeolewa huzikwa katika boma la mume. Mkiwatafuta wanasiasa wanawake kwa jina la baba na kijiji cha kuzaliwa, mtawakosa karibu wote, halafu mtachapisha orodha ya wanaume watupu na kusema ndivyo historia ilivyokuwa. Fuateni jina la mume, na muulize pia kama alikuwa mke wa kwanza au wa pili, kwa sababu nyumba ya mke mkubwa ndiyo mara nyingi inayoamua mpangilio wa makaburi uani.

Sasa nije kwenye kuchapisha mahali. Katika ukoo wetu kuna kaburi la mtu aliyekuwa diwani. Limewekwa vigae vyeupe na paa dogo la mabati, mita chache kutoka mlango wa jikoni. Jioni watoto huketi juu ya vigae hivyo wakingoja chakula, na wakati wa mavuno mahindi huanikwa pembeni yake kwa kuwa hapo ndipo penye sakafu safi. Hakuna anayeona kwamba huko ni kumkosea marehemu heshima. Yuko nyumbani, na nyumbani panaendelea kuishiwa. Siku moja mwandishi mmoja alitaja boma hilo kwa maelezo ya kina, hadi njia ya kuingilia na mti ulio kwenye lango, na kuanzia hapo walianza kuja watu ambao hatukuwajua, wengine wakati wa chakula, wengine wakipiga picha za mjane bila hata kusalimu. Hawakuwa watu wabaya. Waliamini tu kwamba kaburi la mwanasiasa ni mali ya umma kwa kuwa marehemu alikuwa mtu wa umma.

Kwa hiyo ombi langu ni kwamba pale ambapo familia haijaridhia, orodha iishie kwenye kata ndogo. Anayetaka kufika atamwuliza naibu wa chifu, naibu wa chifu ataiuliza familia, na mgeni atapokelewa kama mgeni.

Mwana wa Ugenya alijibu:

Dada, ninakuelewa, lakini sikubaliani nawe kikamilifu. Orodha inayoishia kwenye kata ndogo haimsaidii mtu yeyote baada ya miaka hamsini. Mjane huyo atakuwa ameaga dunia, watoto watakuwa wametawanyika, ardhi itakuwa imegawanywa au imeuzwa, vigae vitakuwa vimeng'oka, na hakutakuwa na naibu wa chifu anayekumbuka. Tayari yapo makaburi ya watu wa miaka ya 1950 ambayo leo yanatambulika kwa kichaka tu, na mzee anayejua kichaka ni kipi amepita miaka themanini. Ikiwa faragha ni tatizo, basi mahali kamili paandikwe sasa, pahifadhiwe mahali salama, na pachapishwe baadaye. Kutoandika kabisa ni kupoteza.

Kuhusu nani aingie, ninaomba msitumie kipimo cha ushindi. Argwings-Kodhek mwenyewe alishindwa na Mboya katika uchaguzi wa Nairobi wa Machi 1957, na kama angefariki mwaka uliofuata, kipimo cha "aliyechaguliwa" kingemwacha nje wakili Mwafrika wa kwanza Kenya na mwanzilishi wa chama cha Waafrika wa Nairobi. Vivyo hivyo kwa urefu wa muda kazini. Wasonga Sijeyo alishinda uchaguzi mdogo wa Gem mwaka 1969 kwa tiketi ya KPU, chama kikapigwa marufuku mwezi Oktoba mwaka huo huo, naye akawekwa kizuizini kwa miaka mingi. Ukihesabu siku alizokaa Bungeni ni chache mno, lakini nani atathubutu kusema kwamba hakuwa mwanasiasa wa uzito?

Machifu wa kikoloni ningewaweka pembeni, katika orodha yao wenyewe, kwa sababu waliteuliwa na mkoloni na kazi yao ilikuwa utawala. Sitaki kubishana sana juu ya hilo.

Wakili wa Kijijini alijibu:

Nimesoma hoja za Nyar Uyoma na Mwana wa Ugenya, na naona kwamba sheria inawapa nafasi wote wawili, mradi mtenganishe makundi ya makaburi.

Katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, mambo ya makaburi, nyumba za kuhifadhia maiti na sehemu za kuchomea maiti yamewekwa chini ya serikali za kaunti, katika huduma za afya. Makumbusho na maktaba pia ni kazi ya kaunti, katika shughuli za utamaduni. Lakini majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa yamebaki kwa serikali ya kitaifa. Hii ina maana kwamba Kaunti ya Siaya inaweza kabisa kuchukua orodha yenu, kuiweka katika maktaba zake na hata kuigharimia, ila haina uwezo wa kugeuza boma la mtu kuwa mahali pa umma kwa sababu tu jina la marehemu limo kwenye orodha.

Kaburi ambalo limetangazwa rasmi kuwa mnara wa kihistoria chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 lina hadhi tofauti: tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, wenye ardhi wana nafasi ya kupinga, na baada ya hapo kuna mipaka ya nini kinaweza kubomolewa au kubadilishwa. Kaburi la Mboya huko Rusinga, lenye jengo lililofanyizwa umbo la risasi, ni mfano wa kaburi la familia ambalo limefunguliwa kwa wageni kwa utaratibu unaojulikana. Kang'o ka Jaramogi nako kuna kaburi lililojengewa na makumbusho, na watu walikuwa wakienda hata kabla ya Oktoba 2025. Tangu hapo wamemiminika. Makaburi ya namna hii hayana siri ya kulindwa, na kuyaandikia kata ndogo peke yake kungekuwa ni kichekesho.

Kundi la pili ni makaburi katika maboma ambayo familia imeridhia yatajwe. Hapa ninashauri ridhaa iwe ya maandishi, itiwe sahihi na mjane au mtoto anayeishi katika boma, na wala si na ndugu wa Nairobi anayejulikana zaidi. Ndugu wa Nairobi atakubali haraka, kwa kuwa si yeye atakayefungua lango. Ridhaa pia iseme wazi kama inahusu picha, maana kukubali jina la kijiji si kukubali picha ya uani.

Kundi la tatu ni makaburi yaliyobaki, ambayo familia imekataa au haijapatikana. Hapa ninaungana na Nyar Uyoma juu ya kuchapisha na ninaungana na Mwana wa Ugenya juu ya kuandika. Mahali kamili paandikwe kwenye nakala moja ya karatasi, iwekwe katika taasisi yenye utaratibu wa kufungia nyaraka kwa muda maalumu, na orodha inayochapishwa ionyeshe kata ndogo pekee. Msomaji akumbuke pia kwamba kuingia katika ardhi ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Uingiliaji Ardhi, hata kama mwingiaji amebeba shada la maua. Ningeweka sentensi moja juu ya hilo mwanzoni mwa orodha.

Na kuna wale wasio na kaburi. Mwanasiasa Kenneth Matiba, ingawa ni wa Murang'a na si wa kwenu, hakuzikwa; mwili wake ulichomwa Lang'ata mwaka 2018. Jambo hilo bado ni geni mashambani, lakini orodha yenu inapaswa kuwa na nafasi ya kuliandika, kwa kuwa mtu akikuta pengo tu atadhani mmeshindwa kumtafuta.

Msomaji wa Alego alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimekaa na wenzangu na tumekubaliana kutumia makundi matatu ya Wakili, na kipimo cha Mwana wa Ugenya kwamba mtu aingie ikiwa aliwania au alishika nafasi ya kisiasa ya kuchaguliwa, au aliwekwa kizuizini kwa sababu ya chama. Wawakilishi wa wadi na madiwani tutawaweka katika sehemu ya pili, ambayo itachapishwa baadaye, kwa kuwa ndiko kwenye familia nyingi zaidi za kutembelea na ambako hoja ya Nyar Uyoma ina nguvu zaidi.

Limebaki swali moja kwa Karani. Tukizipata hizo programu za mazishi, familia nyingi hazitakubali kuziachia, na sidhani kwamba ni haki kuziomba. Je, picha ya simu inatosha kuwa ushahidi, au kuna namna bora?

Karani Mstaafu alijibu:

Picha ya simu inatosha, ikiwa mtapiga kurasa zote na si jalada na ratiba tu. Wengi huacha ukurasa wa nyuma wenye shukrani, na humo ndimo familia inapotaja kanisa, shule, chama na majirani waliochimba kaburi, yaani watu wa kwenda kuwauliza endapo familia yenyewe imehama. Pigeni picha mchana, karibu na dirisha, kijitabu kikiwa kimelazwa juu ya meza, na msitumie mwanga wa simu kwa sababu karatasi ile inang'aa na majina hupotea.

Andikeni papo hapo ni nani aliyewaonyesha, ana uhusiano gani na marehemu, tarehe, na kama alikuwepo siku ya kuzika. Kisha mwombeni awapeleke kwenye kaburi na mlinganishe tarehe za kwenye msalaba au jiwe na zile za kwenye programu. Zikitofautiana, na mara nyingi mwaka wa kuzaliwa hutofautiana kwa wazee waliozaliwa kabla ya vyeti, andikeni zote mbili na mtaje kila moja imetoka wapi. Msichague moja kwa niaba ya familia. Na mkifika katika boma ambalo kuna makaburi kadhaa bila majina, msikisie kwa mpangilio wa nyumba, hata kama mnaijua desturi vizuri, kwa sababu nyumba ya mke mkubwa huenda ilibomolewa miaka mingi iliyopita na ile mnayoiona imejengwa mahali pengine. Mwacheni mwenye boma aonyeshe kwa mkono wake.

Anzeni na Uyoma na Sakwa kabla ya mvua ndefu, kisha mje Gem.